Kiharusi Aru: skana iulizwe nini, na mkono uulizwe nini

Mtu akianguka hapa Aru, upande mmoja ukalegea na mdomo ukaenda kombo, ukoo mzima hukusanyika na swali lao huwa moja: atapona? Siku hizi linafuatwa mara moja na la pili: tumpeleke wapi akapigwe skana? Wengi wanaamini picha ya kichwa ndiyo itakayojibu swali la kwanza. Italijibu nusu, tena kama imepigwa kwa saa yake na mliokuwepo mliiuliza yaliyo yake. Nusu nyingine iko kwenye vidole na kiuno cha mgonjwa mwenyewe, na kuitazama hakuna malipo.

Anza na saa. Chukua karatasi uandike saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Kama aliamka akiwa tayari amepooza, andika saa aliyokwenda kulala, maana usingizini hakuna aliyeona kiharusi kilipomkuta. Madaktari huhesabu kila kitu kuanzia hapo: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na damu hiyo ikivutwa kwa mrija, kawaida ni ndani ya saa 6, kwa wachache waliochaguliwa kwa picha hadi 24.

Sisi wa mpakani tuna mitego miwili juu ya jambo hilo. Aru iko nyuma ya Arua, Uganda, kwa saa moja, na simu yenye laini ya Uganda hubadilisha saa yenyewe bila kukuuliza. Halafu kuna saa mbili ya Kiswahili, ambayo ni saa nane ya Kifaransa. Mama mkubwa akisema mgonjwa alianguka saa mbili, mjukuu akatafsiri kwa Kiingereza kama alivyosikia, tayari mmekosea kwa saa 6, na makosa hayo yanaweza kumnyima mtu dawa au kumpa dawa ya hatari. Andika hivi: "8h00 asubuhi, saa ya Kongo." Karatasi akae nayo mtu mmoja, asiipitishe mkono kwa mkono.

Wakati gari linatafutwa, mpitisheni hospitali kuu ya Aru au kituo kilicho karibu apimwe sukari, presha na malaria. Sukari ikishuka sana huigiza kiharusi kabisa, na tiba yake haingoji picha. Usimpe chakula wala maji mpaka muuguzi amejaribu kama anameza vizuri. Uji ukiingia mapafuni unaleta nimonia, na nimonia huua watu ambao kiharusi chenyewe kilikuwa kimewaacha hai. Aspirini nayo ingoje. Kama tatizo ni mshipa uliopasuka, aspirini inaongeza ubaya. Vidonge vya presha vya jirani visimguse: presha hupanda yenyewe mara nyingi baada ya kiharusi, na kuishusha kwa ghafla kunaweza kuinyima damu sehemu ya ubongo iliyokuwa bado inahema.

Sasa safari. Bunia ni makao makuu ya jimbo letu, lakini kwa mgonjwa wa namna hii ni mbali mno: barabara inapita Mahagi na kuingia Djugu, zaidi ya kilomita 200, na kila mtu anajua Djugu imekuwaje miaka hii ya vita. Arua iko ng'ambo tu ya mpaka wa Vurra, na hospitali ya rufaa ya mkoa huko ni miongoni mwa zile ambazo serikali ya Uganda imezipatia mashine ya skana. Piga simu kabla ya kuondoka. Uliza mambo matatu: leo mashine inafanya kazi? Yupo mtu wa kuisoma picha leo, au majibu ni kesho kutwa? Bei ni shilingi ngapi, na inalipwa kabla? Wasiokuwa na namba ya radiolojia ya Arua waitafute wakiwa wazima. Kuitafuta huku mgonjwa anakoroma nyuma ya gari ni mateso.

Beba kadi ya mpiga kura ya mgonjwa na ya msindikizaji, barua ya uhamisho yenye muhuri, orodha ya dawa anazokunywa, na shilingi za Uganda. Msindikizaji awe mtu anayesema Kilugbara, hata kama si ndugu wa karibu zaidi. Wakubwa wa ukoo hupenda kwenda wao kwa heshima, ninaelewa, lakini anayehitajika pale ni mwenye ulimi. Na tafadhali, mgonjwa asikalishwe kwenye boda akibanwa katikati ya watu wawili. Alazwe kwa ubavu ndani ya gari, kichwa kimeinuliwa kidogo, ule mkono uliolegea usining'inie wala usivutwe.

Mkifika, skana ya kawaida isiyo na dawa ya kuchoma mshipani inatosha kwa swali lililo la kwanza na lenye thamani kuliko yote: ni damu iliyovuja, au ni mshipa ulioziba? Damu mbichi huonekana nyeupe papo hapo. Mshipa ulioziba ni kinyume chake: katika saa za mwanzo picha inaweza kuonekana safi kabisa, na weusi wa sehemu iliyokufa ujitokeze taratibu, ukikolea baada ya siku nzima. Hapa familia nyingi hudanganyika. Picha safi ya saa ya tatu maana yake hakuna damu iliyovuja. Haimaanishi kwamba hana kiharusi, na wala isiwe sababu ya kumrudisha nyumbani au kwa mganga kwa kuwa "hospitali hawakuona kitu."

Mkiambiwa hakuna damu, ulizeni hapohapo kama aspirini inaweza kuanza. Majaribio makubwa ya mwaka 1997 yalionyesha kwamba ikianzwa ndani ya saa 48 hupunguza vifo na kiharusi cha pili. Faida yake si kubwa, lakini dawa yenyewe ni ya bei ya mboga na inapatikana hata Ariwara. Mkiambiwa ni damu, ulizeni imekaa wapi, ni mililita ngapi, na kama imeingia kwenye vyumba vya maji vya ubongo. Damu ikizidi mililita 30 hatari inaongezeka sana. Hata hivyo, kwa damu iliyovuja, miongozo ya Marekani inawataka madaktari wasimkatie mgonjwa tamaa mapema, angalau mpaka siku ya pili kamili hospitalini ipite. Ukisikia mtu anasema saa ile ile ya kufika, "mrudisheni akafie kwenu", muulize kwa adabu kama anaweza kungoja hadi keshokutwa.

Kuhusu kuvuta damu iliyoganda kwa mrija nisiwafiche: kwa mtu wa Aru, leo, haipo. Hata Kampala ni karibu kilomita 500 kutoka Arua, na Nairobi, ambako kuna hospitali kama Aga Khan inayofanya kazi hiyo, ni mbali zaidi. Lakini yaliyojifunzwa huko kuhusu picha na kupona yanatufaa, kwa sababu picha ni ileile.

Kazi yenyewe iko hivi. Mrija mwembamba unaingizwa kwenye mshipa wa paja au wa mkono, unapandishwa mpaka kichwani, na donge linanaswa kwa wavu mdogo au kufyonzwa. Mwaka 2015 madaktari wa Uholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 500 katika jaribio la MR CLEAN, na majaribio mengine manne yakafuata mwaka huohuo. Yote matano yalipojumlishwa mwaka 2016, wagonjwa 1,287, waliovutwa donge na baada ya miezi mitatu wakawa wanajitegemea walikuwa 46 kwa 100. Wasiovutwa walikuwa kama 26. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa tiba yoyote ya ubongo. Lakini soma hesabu hiyo upande wa pili: zaidi ya nusu ya waliotibiwa kwa mashine bora duniani hawakurudi kujitegemea. Mshipa ulifunguliwa kwa wengi wao, na bado.

Kwa nini? Hapo ndipo picha inapoulizwa itabiri. Jambo la kwanza linalotazamwa ni ukubwa wa sehemu iliyokwisha kufa kabla mshipa haujafunguliwa. Kuna hesabu iliyotoka Calgary, Kanada, mwaka 2000, inaitwa ASPECTS: eneo la mshipa mkuu wa katikati ya ubongo linagawanywa sehemu 10, na kila sehemu iliyoharibika inapunguza alama moja. Kumi ni nzuri, sifuri ni mbaya. Haihitaji mashine ya ajabu. Skana ile ile ya Arua inaweza kuhesabiwa hivyo kama msomaji ameizoea. Jambo la pili ni mishipa ya pembeni. Barabara ya forodha ikifungwa, bidhaa za Aru hazikomi, zinapita njia za panya. Ubongo nao una njia zake za panya, na mwenye nyingi huhimili saa nyingi zaidi kabla sehemu kubwa haijafa. Hizo huonekana kwenye skana yenye dawa ya mshipani tu. Kisha kuna umri, sukari ya damu siku ile, na jinsi kiharusi kilivyompiga kwa nguvu. Haya matatu hayamo kwenye picha hata kidogo, na mara nyingi yanaitabiri kesho vizuri kuliko picha.

Kwa miaka kadhaa waliokuwa na alama chache, tano kushuka, walikuwa wakikataliwa kutibiwa. Picha imeshasema, ilidhaniwa. Mwaka 2022 Wajapani walijaribu kwa wagonjwa 203 wa namna hiyo, na waliovutwa donge walioweza angalau kutembea bila kushikwa walikuwa 31 kwa 100, dhidi ya 13 kwa wasiovutwa. Mwaka uliofuata majaribio ya China na ya Marekani yakaonyesha mwelekeo huohuo. Watu ambao picha ilikuwa imewafungia mlango, baadhi yao walipita. Nadhani ni jambo ambalo kila daktari anayeshika filamu mbele ya familia angelikumbuka kabla ya kufungua mdomo.

Kama mna uwezo wa picha moja tu, basi, ipigwe lini? Kwa swali la damu au donge, mapema iwezekanavyo, na isizidi wiki. Baada ya siku kumi hivi damu iliyovuja hufifia na inaweza kufanana na mshipa ulioziba, na hapo mnalipa kwa kitendawili. Kwa swali la kupona, picha ya saa 24 na kuendelea ni bora kuliko ya saa za mwanzo, kwa sababu sehemu iliyokufa imeshajichora. Hospitali zinazovuta madonge hupiga ya pili siku inayofuata kwa ajili hiyo, na pia kuona kama damu imevuja baada ya kazi. Sisi tutachagua ya kwanza. Tiba ya siku ya kwanza inategemea hiyo.

Msomaji wa picha akikuonyesha sehemu iliyoharibika, usiulize tu ni kubwa kiasi gani. Uliza iko wapi. Nyaya za mwendo zinazotoka juu ya ubongo hukusanyika mahali pembamba katikati kabla ya kushuka kwenye uti wa mgongo, na doa dogo hapo linaweza kulaza upande mzima, wakati doa kubwa sehemu nyingine linamwacha mtu akitembea lakini akipotea njia ya kwenda sokoni. Uliza pia kama kuna hatari ya kuvimba. Kama eneo kubwa la nusu ya ubongo limekufa, hasa kwa mtu ambaye hajazeeka, uvimbe huja kati ya siku ya pili na ya tano: mgonjwa aliyekuwa akiongea anaanza kusinzia, haamki vizuri. Huyo asirudishwe Aru. Abaki mahali penye daktari, na anayekesha naye amwamshe na kuandika.

Nusu ya pili ya jibu sasa, ile isiyolipiwa. Timu ya Gert Kwakkel wa Amsterdam iliwafuata wagonjwa wa kiharusi cha donge kwa miezi sita, ikitafuta kitu cha kitandani ambacho kingetabiri mkono. Walichokipata, kilichochapishwa mwaka 2010, ni kidogo hadi kinachekesha: mgonjwa aweze kunyoosha vidole japo kidogo, na aweze kuutenga mkono na ubavu japo kidogo. Waliofanya yote mawili siku ya pili, 98 kwa 100 walipata matumizi fulani ya mkono baada ya miezi sita. Walioshindwa yote, 25 kwa 100. Mwaka uliofuata wakatoa la miguu: mtu ambaye ndani ya siku tatu anakaa ukingoni mwa kitanda sekunde 30 bila kushikiliwa, na misuli ya mguu uliolegea inakaza walau kidogo, 98 kwa 100 atatembea mwenyewe baada ya miezi sita. Ambaye hawezi, 27 kwa 100.

Hakuna skana inayotoa uhakika kama huo. Cathy Stinear wa Auckland, New Zealand, aliyebuni njia ya kutabiri mkono wa mgonjwa, naye huanza na bega na vidole siku ya tatu. Mashine huja baadaye, kwa wale tu ambao bega na vidole havikutoa jibu.

Fanyeni hivi siku ya tatu, na muuguzi awepo. Mketisheni mgonjwa, mgongo umeegemea, mkono umelala pembeni. Mwambie autenge mkono na mwili, kama kuku anavyoinua bawa, bila nyinyi kumsaidia. Weka kiganja chake juu ya mto kikiangalia chini, mwambie anyooshe vidole kuelekea juu. Usimwonyeshe kwa kumfungulia vidole, tazama tu, na usikubali kudanganywa na kidole kinachojikunja. Kukunja ni rahisi, kunyoosha ndiko kunakopimwa. Kisha mketisheni ukingoni, mtu asimame mbele na mwingine nyuma bila kumgusa, na mmoja ahesabu mpaka 30. Andikeni siku, saa na alichofanya. Kama hakuweza, rudieni baada ya siku chache, mpaka siku ya tisa: baadhi hufungua mlango wiki ya pili, na kwa ambaye siku ya tisa bado hawezi kukaa wala kukaza mguu nafasi ya kutembea ilishuka hadi kama 10 kwa 100.

Ijulikane kwamba wagonjwa wale walikuwa wa Uholanzi, kiharusi chao cha kwanza, cha donge la sehemu ya mbele ya ubongo, na walikuwa na mtaalamu wa viungo, yule tunayemwita kine, karibu kila siku. Mgonjwa wetu akikaa sekunde 30 kisha akalazwa chali wiki sita kwa sababu ukoo unamhurumia, ile 98 haimhusu. Wala asikimbizwe: jaribio kubwa la mwaka 2015, AVERT, wagonjwa zaidi ya 2,000, lilionyesha kwamba kumwinua mtu kitandani na kumfanyisha mazoezi mengi ndani ya saa 24 za kwanza kulimpunguzia nafasi ya kupona. Baada ya siku hiyo ya kwanza, mazoezi mafupi mara nyingi kwa siku: kukaa, kusimama akishikwa, kushika kikombe kwa mkono dhaifu. Asivutwe kwa mkono huo anapoinuliwa. Bega lililolegea hutoka mahali pake, na maumivu yake hudumu kuliko kiharusi.

Kurudi Aru, msije na karatasi ya majibu peke yake. Ombeni filamu au diski yenye picha. Ripoti ya Arua itaandikwa kwa Kiingereza, lakini daktari wa Aru anasoma Kifaransa. Akiwa na picha yenyewe hategemei tafsiri ya dereva. Kabla ya kuondoka mwombeni aliyesoma picha awaandikie mistari minne kwa lugha nyepesi: donge au damu, upande gani, sehemu gani, na dawa zipi ziendelee kwa muda gani. Ulizeni na presha ishuke mpaka wapi na kwa siku ngapi. Kiharusi cha pili hakitajali jinsi cha kwanza kilivyopona.

Na kama mmechelewa, mgonjwa ana wiki tatu nyumbani, anaongea, anameza, hazidi kuwa mbaya, na mzee fulani anasema ng'ombe auzwe akapigwe skana ili ijulikane kama atatembea, msiuze. Picha ya wiki ya tatu haitawajibu hilo, na dawa atakazopewa zitabadilika kidogo tu au zisibadilike. Pesa hiyo mpeni kine aje mara tatu kwa wiki, nyingine inunue vidonge vya presha vya mwaka. Uzeni ng'ombe kama kichwa kinamuuma kupita kiasi, anatapika, anasinzia mchana, au anapata degedege. Hapo skana ina swali la kujibu, na muende siku hiyohiyo.